Siku Nne za Dubai

Mtu akikwambia anakwenda Dubai siku nne, mwulize kwanza amezihesabuje.

Mimi nauza mapazia na mashuka Kariakoo, na Dubai naenda kama wengine wanavyoenda Kibaha. Naondoka na begi moja tupu, narudi na matatu ambayo zipu zake zinalia. Chumba Deira, karibu na Naif. Asubuhi Murshid Bazar kwenye vitambaa, jioni kwa wakala wa kago, usiku nalala. Burj Khalifa naiona kwa mbali, nikiwa kwenye teksi napiga hesabu za mzigo.

Sasa mwezi wa sita shule zimefungwa, tuko mezani, nikateleza ulimi: "Safari hii si mngenisindikiza tu!" Niliisema vile mtu anavyosema karibu chakula, anategemea mwenzake atajibu ahsante, nimeshiba. Jamani, hakuna aliyeshiba. Mama watoto akauliza tunaondoka lini. Binti yangu mkubwa, kidato cha tatu, akashika simu papo hapo akaanza kupanga siku ya bembea. Si bembea za kamba kwenye mwembe. Hizi ni zile za mashine, mtu anafungwa mikanda kama mzigo wa bodaboda halafu anageuzwa miguu juu, na analipia.

Kabla hatujapata viza, ratiba ilikuwa tayari, ina rangi nne. Siku ya kwanza, Global Village, uwanja wa maonyesho na bembea. Nikasema vizuri, niko upande wako. Usiku binti akasoma tena, kumbe pale hufungwa majira ya joto, ni pa wazi na joto la Juni linapita nyuzi 40. Siku ya pili mabwawa ya kuteleza, Wild Wadi, jirani na ile hoteli yenye umbo la tanga. Siku ya tatu Ferrari World. "Kuna kigari, baba, kinafika kilomita 240 kwa saa, ndani ya sekunde tano!" Treni yetu ya SGR inafika 160 na nchi nzima tunatembea kifua mbele. Mimi gari langu, na foleni ya Kimara ninayoijua, sidhani kama limewahi kuonja 100. Hiyo haraka ya 240 ni ya kwenda wapi, wakati kigari kinarudi pale pale kilipotoka?

Halafu hiyo Ferrari World iko Abu Dhabi. Kutoka Deira ni zaidi ya kilomita 100, yaani ni kama Chalinze. Nikamwambia mwanangu, mgeni akifikia Kariakoo humpeleki kucheza Chalinze akalale Kariakoo. Akanijibu kuna metro mpaka kituo cha Ibn Battuta, halafu kuna basi. Huyu mtoto dukani kwangu hajui swichi ya taa iko wapi, Dubai hajawahi kukanyaga, lakini basi la Abu Dhabi analijua.

Nikaomba tuhesabu siku. Ya kwanza ni ndege, saa tano na ushee, na ukishuka tu wamekunyang'anya saa nyingine maana wao wako mbele yetu. Ya nne ni ya kufungua na kufunga mabegi, kuhamisha shuka kutoka begi la kilo 26 kwenda la kilo 19 mbele za watu. Zinabaki mbili. Moja yangu, moja yenu. Chagueni uwanja mmoja, uwe hapo hapo Dubai, na uwe wa ndani wenye kiyoyozi. Wakakubali. Nikajisifu moyoni, nikajiona msuluhishi.

Bado sikuwa nimeacha kujitetea, lakini. Nikawaambia abra, ile mashua ya kuvuka khori pale Deira, ni dirhamu moja tu, inayumba, maji yanawarukia, si bembea hiyo? Metro haina dereva, inajiendesha yenyewe juu ya barabara, nyie mnataka kutishwa vipi tena? Mama watoto akanitazama vile anavyomtazama mteja anayetaka shuka la sita kwa sita kwa elfu tano.

Tiketi ya kuingia uwanjani ilikuwa zaidi ya dirhamu 300 kwa kichwa, na sisi tuko watano. Dirhamu ni kama shilingi 700. Zidisha mwenyewe, mimi nilizidisha mara moja nikaifuta.

Mtihani mwingine ulikuwa urefu. Kigari anachokitaka wa katikati hakiruhusu mtu chini ya sentimeta 120. Nikachukua futi ya kamba, ile ninayopimia mapazia, nikamsimamisha ukutani: 117. Kuanzia siku hiyo nyumba nzima tukawa tunamrefusha mtoto. Maziwa asubuhi, maharage mchana, na kuning'inia kwenye nondo ya dirisha jioni. Siku ya safari nikapima tena: 117. Mama watoto akamnunulia raba yenye soli kama ngazi, yakaisha hapo.

Sasa sikilizeni penye msiba. Kwenye ratiba siku ya tatu imeandikwa: kufika uwanjani 10:00. Mimi nikasoma saa kumi. Mtu wa Kariakoo ukimwandikia kumi anasoma kumi! Nikamshukuru Mungu kimyakimya, maana saa kumi jioni ina maana asubuhi yote ni yangu. Siku ya pili nikawatembeza kwa moyo mweupe, abra tukapanda mara nne, Dragon Mart tukaitembea kutoka mkia mpaka kichwa, maana lile soko limejengwa kama joka na urefu wake unapita kilomita. Vitambaa nitanunua kesho, taratibu, kwa kuvutana, kwa kuondoka dukani mara mbili nikiitwa kurudi. Biashara bila kuondoka dukani mara mbili si biashara, ni sadaka.

Usiku, karibu na saa tatu, binti ananiambia, "Baba, ulale mapema, kesho saa mbili tuwe tumetoka."

"Saa mbili ya nini? Si saa kumi?"

"Baba, 10:00 ni saa nne asubuhi."

Nilivaa viatu bila soksi. Nilikimbia Murshid Bazar nikakuta maduka yanashusha mageti, muuzaji mmoja amebaki na funguo mkononi. Mwenye funguo mkononi humwambii punguza. Majora 60 ya pazia, kila jora mita 30, akasema dirhamu tisa kwa mita, nikasema funga.

Asubuhi tukaondoka na metro. Mama watoto kabeba vitumbua vya safari kwenye hotipoti, na humo ndani kula ni faini dirhamu 100. Kitinda mimba akashika kitumbua njia nzima bila kukilamba, macho ya abiria wote yako kwake, mimi nahesabu: hicho kikiingia mdomoni ni shilingi 70,000.

Tukafika. Raba ilifanya kazi, mtoto kapita. Mama watoto akavua mkoba, binti akavua begi, hotipoti ikawekwa juu. Nikauliza makabati ya kukodi hayapo? "Yapo, lakini ni hela," akasema mke wangu, "na wewe si upo?"

Nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu kuna mzee wa Mombasa, naye kazungukwa na mabegi, kapakata mwanasesere wa mjukuu. Tukasalimiana kama wafungwa wa chumba kimoja. Akaniuliza, "Wewe wauza nini?" Mapazia. "Aa, kumbe sisi ndugu! Wachukua wapi?" Nikamwelekeza duka. "Nalijua hilo, hata miye ndipo nichukuapo. Wakupa ngapi mita?"

Nikasema tisa.

Mzee hakusema kitu. Akamgeuza mwanasesere akamtazama usoni, kama anamwuliza yeye. Halafu akasema polepole, "Miye hunipa saba, babangu."

Dirhamu mbili. Mara mita 1,800. Nilipiga hesabu kichwani, nikapiga kwenye simu, nikamwomba na mzee apige kwenye yake. 3,600 zote tatu. Milioni mbili na nusu za madafu, tiketi za familia nzima mara mbili na chenji inabaki.

Watoto wakarudi wanahema, nywele zimesimama, wa katikati kapoteza raba moja na wala hana habari. "Baba! Tumepanda mara tatu! Ile inayogeuza kichwa chini tumepanda mara tatu! Wewe hujapanda hata kimoja?"

"Mimi nimepandwa," nikasema. "Presha. Nipeni maji."