Mkono au Paja? Tuanzie Kwenye Upinde wa Aota

Mgonjwa wa moyo anayesafiri kutoka Tanga hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 350, siku hizi anaweza kupimwa mishipa ya moyo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu, akarudi kwake Ngamiani, mjini Tanga, akiwa na plasta kwenye kifundo cha mkono. Waliozoea kusikia habari za tundu la pajani hushangaa: moyo umefikiwaje kupitia mkononi? Wana haki ya kuuliza, na jibu liko juu kidogo tu ya moyo wenyewe.

Aota, iliyo kubwa kuliko ateri zote (mishipa inayotoa damu moyoni), ikishapanda kutoka moyoni hupinda kwenda nyuma na kushoto. Kwenye upinde huo, kwa watu wengi, huchipuka matawi matatu: kwanza shina la brakiosefaliki, linalogawanyika kwenda mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa, kisha karotidi ya kushoto, inayokwenda kichwani, mwisho subklavia ya kushoto, inayolisha mkono wa kushoto. Katheta ikiingia kifundoni hupanda mkono, hupita bega, huingia aota kupitia tawi la upande wake, kisha hushuka hadi kwenye midomo ya mishipa ya moyo.

Wanaotetea mkono wana hoja nzito. Tangu Lucien Campeau wa Montreal alipoieleza njia hii mwaka 1989, tafiti kubwa zimeonyesha kwamba hupunguza kuvuja damu. Ateri ya kifundoni iko juu juu na huzibwa kwa kubanwa. Ya kinenani inaweza kuvujia ndani, nyuma ya tumbo, pasipo mtu kuona. Tena mgonjwa huketi na kutembea mapema. Paja nalo lina haki yake: ateri ni pana, hupitisha vifaa vikubwa, na presha ikishuka sana mapigo ya kifundoni huenda yasishikike kabisa.

Mimi naunga mkono kuanza na mkono. Lakini mkono upi? Hapo ndipo naona mjadala wetu unakwenda haraka mno. Madaktari wengi huchagua wa kulia kwa kuwa husimama upande huo wa kitanda. Wa kushoto huwalazimu kuinama juu ya mgonjwa. Ila kwa mzee mfupi aliyeishi na presha miaka mingi, ateri za bega la kulia na shina la brakiosefaliki mara nyingi zimejipinda, na waya unaoongoza katheta hukwama. Kumwambia avute pumzi ndefu husaidia kunyoosha njia. Kushoto mara nyingi huwa kumenyooka zaidi, na aliyefanyiwa upasuaji wa kupandikiziwa mshipa wa ndani ya kifua upande wa kushoto anahitaji njia hiyo hasa, kwani mshipa huo hutoka kwenye subklavia ya kushoto.

Kisha kuna maumbile yasiyofuata kitabu. Karibu mtu mmoja katika kila 100 ateri yake ya mkono wa kulia hutoka mwisho kabisa, upande wa kushoto wa upinde, na mara nyingi hupita nyuma ya umio. Kwake, waya kutoka mkono wa kulia hupenda kuteremka kwenye aota ya kifuani badala ya kuelekea moyoni. Kung'ang'ania hapo ni hatari: kila mzunguko wa katheta kwenye upinde wenye mafuta na chokaa unaweza kubandua kipande kikaenda ubongoni. Bora kuhamia paja mapema, na ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka madaktari vijana wafundishwe mkono peke yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni figo. Ateri ya kifundoni inaweza kuziba kimyakimya baada ya kipimo, na mgonjwa wa figo anayeelekea kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, huenda akaihitaji kutengenezewa njia ya damu.

Kwa hiyo ripoti inayorudi na mgonjwa Hospitali ya Bombo, Tanga, itaje mkono uliotumika, mahali waya ulipokwama, na tawi lolote lisilo la kawaida, ili atakayemhudumia mara ya pili aijue njia kabla ya kuchoma sindano.