Mwanafunzi Uwandani, Msimamizi Ofisini

Shule na vyuo vingi humtaka mwanafunzi, kabla hajahitimu, achague suala moja la utamaduni au la kijamii, alitafiti mwenyewe kwa wiki au miezi kadhaa, kisha aandike ripoti chini ya msimamizi. Mmoja huandika juu ya mazishi, mwingine juu ya lugha ya vijana, mwingine juu ya wanawake wanaolea watoto peke yao. Mimi ni miongoni mwa wanaoutetea utaratibu huu, ila nadhani wapinzani wake wana hoja nzito kuliko sisi watetezi tunavyopenda kukubali.

Nianze na faida, kwa kuwa ni kubwa. Darasani swali hufika likiwa limeshatungwa na mtu mwingine. Katika mradi wake mwenyewe, mwanafunzi huanza na jambo pana lisiloshikika, tuseme "athari za utandawazi kwa harusi", na msimamizi mzuri humrudisha mara tatu au nne mpaka aje na kitu kinachoweza kujibiwa: nani huamua muziki upi upigwe harusini, na wazee wakibishana na vijana ni nani husikilizwa? Safari hiyo ya kutoka mada hadi swali ni elimu tosha, hata utafiti wenyewe ukija kuwa dhaifu. Halafu kuna yale yanayofunzwa na watu wenyewe. Mwanafunzi hugundua kwamba ndugu wawili waliokulia nyumba moja hueleza mila moja kwa namna mbili zinazopingana, na kwamba anachoambiwa kwenye mahojiano sicho anachokiona siku ya tukio. Hujifunza pia kunyamaza, jambo ambalo sijaona mhadhara ukilifundisha.

Sasa gharama. Mwanafunzi wa udaktari hushona jeraha lake la kwanza daktari akiwa amesimama kando. Huyu wetu huingia sebuleni kwa mtu akiwa peke yake, humwuliza mjane habari za urithi au kijana habari za polisi, na akikosea hakuna wa kumshika mkono. Anayelipia kujifunza kwake ni mwenyeji, aliyeacha shughuli zake kumhudumia na ambaye mara nyingi hataiona ripoti. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa aghalabu anayepona ni mgeni, tena kwa kupata alama. Na pale mahali pamoja panapozoeleka kwa sababu pana usafiri na wenyeji wakarimu, kila mwaka huja kundi jipya na hojaji ileile.

Wapo wanaosema udhaifu huu ni wa wanafunzi wasio na uwezo. Historia haikubali. Mwaka 1925 Margaret Mead, mwanafunzi Mmarekani wa anthropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu, akiwa na miaka 23, alikwenda visiwa vya Samoa ya Marekani, katika bahari ya Pasifiki, kuchunguza maisha ya wasichana waliokuwa wakibalehe. Msimamizi wake, Franz Boas, alikuwa miongoni mwa wanaanthropolojia wakubwa wa zama zake, naye ndiye aliyemwelekeza kwenye suala hilo la ujana. Lakini Boas alibaki New York, na mashauriano yao yalikwenda kwa barua za meli. Kitabu kilichotokana na safari ile, cha mwaka 1928, kilimpa Mead umaarufu mkubwa. Mwaka 1983, miaka mitano baada ya kifo chake, mwanaanthropolojia mwenzake Derek Freeman alichapisha hoja kwamba Mead alikuwa ameielewa Samoa vibaya. Wasomi wengine nao wakamrudi Freeman kwa kuchagua ushahidi uliomfaa. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninachokiona ni kwamba mwanafunzi hodari mwenye msimamizi hodari alifanya kazi ambayo nusu karne baadaye wasomi walikuwa bado wanaivutana, na wakati anaandika madaftari yake ya kumbukumbu za utafiti hapakuwa na jicho la pili karibu.

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibuni zaidi. Alice Goffman, mwanasosholojia wa Marekani, alianza utafiti wake kuhusu vijana weusi na polisi katika mtaa mmoja wa jiji la Philadelphia nchini humo akiwa bado anasoma shahada ya kwanza. Ulikuja kuwa kitabu mwaka 2014, kikasifiwa sana, kisha wakosoaji wakaanza kuhoji matukio kadhaa yaliyosimuliwa humo. Madaftari yake yasingeweza kukaguliwa, kwa kuwa alikuwa ameyaharibu ili kuwalinda watu aliowaandika. Sababu hiyo ni ya heshima kabisa. Ila huwezi kuwalinda watu kwa namna hiyo na wakati huohuo ukabaki na kitu cha kuwaonyesha wanaokutilia shaka, na mtu anayeanza kazi akiwa kijana asiachwe kuamua jambo kama hilo peke yake.

Kwa hiyo nauliza msimamizi huwa wapi. Katika insha ndefu ya maneno 4,000 ya mpango wa diploma wa International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa shule za sekondari, msimamizi amekuwa akishauriwa kumpa kila mwanafunzi jumla ya muda wa saa 3 hadi 5, vikao vitatu vya lazima vikiwemo. Kwa kazi ya maktaba huenda zikatosha. Kwa mradi wa kuhoji watu ni chache, na kwa nilivyoona, sehemu kubwa ya usimamizi popote pale huishia kwenye rasimu: kusahihisha lugha, kupanga sura, kuuliza marejeo. Makosa yanayoumiza watu yameshatokea kabla ya hapo.

Kuna anayehofu kwamba msimamizi akisogea mno, uhuru unakufa na mwanafunzi anageuka karani wa kukusanyia profesa data. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini msimamizi anaweza kuyasoma madaftari kila wiki bila kugusa hitimisho. Swali kama "huyu alikuambia haya, au umeyadhania?" halimpokonyi mwanafunzi chochote.

Fomu za ridhaa na kamati za maadili zina kazi yake, ila zinakagua ahadi, hazikagui mwenendo. Namwamini zaidi mwenyeji aliyepewa sauti. Mwaka 2017 Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao wenyewe kwa watafiti wanaotaka kufanya kazi nao, wakidai heshima, uaminifu, haki, kujali na utaratibu unaofuatwa. Chuo kingeweza kuwauliza wenyeji, baada ya kila kundi la wanafunzi, kama wako tayari kupokea lingine.

Suala la programu zinazoandika ripoti nzima kwa dakika chache halinitishi sana: zinaharibu thamani ya ripoti, hazigusi thamani ya madaftari. Ni sababu nyingine ya kuyapa madaftari alama.

Vyuo vitajibu kwamba walimu ni wachache. Nakubali ni wachache. Basi wanafunzi wasiopata mtu wa kuwasomea madaftari wangali uwandani wapewe miradi ya nyaraka, magazeti ya zamani au rekodi zilizokwisha kukusanywa. Kazi hizo nazo zina utafiti wa kutosha ndani yake, na hazimtoi mtu shughulini kwake.