Si "Vikaratasi vya Kiarabu", Ni Barua za Babu Yetu

Wiki iliyopita nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, ilikuwa ikipakwa rangi, na vyombo vyote vya chumba cha juu vikatolewa uani. Nilipofika nikalikuta kasha la babu mdogo limewekwa kando ya taka, kifuniko wazi, bahasha za juu zimelowa. Binamu yangu akaniambia waziwazi: "Ni vikaratasi tu vya Kiarabu, hakuna anayevisoma. Na tena yule hakuwa babu yetu hasa, ni ndugu wa babu."

Hadi leo sijapoa. Tangu lini ndugu wa babu akawa si babu? Mzee huyu hakujaaliwa mtoto. Tusipomtaja sisi, atatajwa na nani?

Halafu si Kiarabu! Ni Kiswahili, Kimvita kitupu cha Mombasa, kilichoandikwa kwa khati za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu miaka na miaka. Mashairi mengi ya Muyaka, mshairi wetu wa zamani wa Mombasa, yangetupotea lau Mwalimu Sikujua hakuketi na wazee akayaandika kwa khati hizo hizo. Leo watoto wa mji ule ule wanazitupa pamoja na makopo ya rangi.

Nimezihesabu barua: ni 19, na picha 6. Katika picha niipendayo amevaa sare ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), kofia pana imekunjwa ukingo upande mmoja, mkono mmoja uko juu ya kiti cha studio. Vidole vimekishika kile kiti kwa nguvu, kama anayeogopa kuanguka. Pembe ya chini imeliwa na mende.

Nilisoma chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo herufi nazijua. Nikajaribu peke yangu, na nikaona: "Nimemkumbuka sana baba." Nililia, kwa kuwa babake alikuwa amekwisha kufa. Nikampelekea shangazi, mwenye umri wa miaka 80 na zaidi. Akaisogeza karatasi dirishani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Si baba, mwanangu. Papa! Ami alikuwa ana hamu ya papa wa nazi." Katika khati zile za zamani herufi ya "ba" yaweza kusomwa "ba", "pa" au "mba", na "fa" yaweza kuwa "va". Anayejua ni yule aliyekwisha kuyasikia maneno yenyewe, anayejua mwenye barua alikuwa akila nini na akisema vipi.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaoniambia nizipige picha kwa simu mambo yaishe. Sawa, nitazipiga, maana mchwa na joto la Mombasa havina huruma. Lakini simu haitaniambia kama ni baba au ni papa. Shangazi ndiye atakayeniambia, na shangazi hatuko naye milele.

Barua ya kwanza ni ya Mfungo Sita 1363, yaani mwisho wa Februari 1944 au Machi, na imetoka Ceylon (Sri Lanka ya leo). Mapema Februari ile, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, msafara wa meli za askari uliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaipiga mojawapo ya meli hizo, Khedive Ismail, karibu na Maldives. Ikazama kwa dakika chache, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Babu alikuwa katika meli nyingine ya msafara huo huo. Shangazi anasema alilitaja jambo hilo mara moja tu maishani mwake, usiku, umeme ulipokatika.

Kwenye barua hakulitaja. Barua za askari zilikuwa zikifunguliwa na kusomwa kabla ya kutumwa. Amewasalimia majirani wote kwa majina, ameuliza habari za mbuzi, kisha ukingoni, kwa herufi ndogo zilizobanwa: "Mama, ni mzima, ela nikifumba mato naiona bahari." (Kwa Kimvita "ela" ni lakini, "mato" ni macho.)

Shangazi aliusoma mstari huo, akanyamaza. Hakunitafsiria, wala sikuhitaji.

Kasha sasa liko chini ya kitanda chake. Tumekubaliana kila Ijumaa baada ya chakula tusome barua moja, yeye asome, mimi niandike. Binamu naye nimemwambia aje. Nyuma ya kila picha nimeandika jina la babu kwa penseli. Tumefika barua ya 3.