Cc ndogo au injini isiyokimbizwa? Hesabu ya mafuta kwa anayesafiri mbali kila siku

Mtu akisema anatafuta gari la kwendea kazini, na kazi yenyewe iko mbali, ushauri wa kwanza atakaopewa ni wa cc, yaani ukubwa wa injini. "Chukua ya 1000, mafuta utayasahau." Dakika haijaisha, mwingine anadakia: "Usimpoteze mwenzio. Hako kagari barabara kuu kanapiga kelele tu. Chukua 1800 iliyotulia." Ubishi huu nimeusikia mara nyingi, na kinachonifurahisha ni kwamba wote wawili huwa na risiti za kituo cha mafuta mfukoni. Hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja anaisemea barabara yake.

Tuanze na wa cc ndogo, maana hoja yake ina mashiko. Gari dogo la kawaida likienda kilomita 100 kwa saa mahali tambarare huhitaji kama nguvu za farasi 16 hadi 20 tu kushinda upepo na uzito wa tairi kubingirika. Injini yenye farasi 140 hapo ni trekta lililotumwa kuchota ndoo moja ya maji. Na injini ya petroli ikikosa kazi haipumziki, inapoteza. Ukikanyaga mafuta kidogo, kile kibati kinachofungulia hewa kinabaki karibu kufungwa, na pistoni zinalazimika kuivuta hewa kwenye upenyo mwembamba, kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija. Nguvu ya kuvuta huko inatoka kwenye tangi lako. Injini ambayo ikipewa mzigo wa kutosha hugeuza asilimia 35 hivi ya nishati ya petroli kuwa kazi, ikiachwa na mzigo mdogo sana hushuka chini ya 20. Mzigo ule ule ukiupa injini ndogo, kibati kinafunguka, injini inapumua, na mafuta yanafanya kazi uliyoyanunulia.

Mpaka hapo wa cc 1000 ameshinda. Kinachomwangusha ni gia.

Magari mengi madogo yanatengenezwa kwa ajili ya mjini, na ili yasionekane mazito kuondoka kwenye taa, difu yake, ile gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, huwekwa fupi: injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Niliwahi kuazima moja, otomatiki ya gia nne. Kwenye kilomita 100 kwa saa mshale wa mizunguko ya injini ulisimama juu kidogo ya 3,500 kwa dakika. Redio niliizima kwa sababu haikuwa na maana tena. Kikaja kilima, cha kawaida tu, gari likajishushia gia, mshale ukaruka kupita 5,000, na lori lililokuwa nyuma likaanza kuniwashia taa. Kila mzunguko mmoja wa injini una gharama yake: pistoni zinasuguana na silinda, vali zinasukumwa, pampu ya oili inazungushwa. Injini ndogo ina msuguano mdogo kwa mzunguko mmoja, sawa, lakini ukiizungusha karibu mara mbili ya mwenzake ile faida unaitapanya barabarani.

Mfano ninaoupenda hapa ni Toyota Prius, gari ambalo sifa yake yote ni kubana mafuta. Lilipoingia sokoni Japani Desemba 1997 lilikuwa na injini ya lita 1.5. Kizazi cha tatu kilipokuja mwaka 2009, injini ilipandishwa hadi lita 1.8. Watengenezaji walieleza sababu bila kuficha: injini kubwa kidogo ina nguvu ya kutosha kuzunguka polepole kwenye mwendo wa barabara kuu, na ulaji wa huko ukapungua. Yaani watu waliokuwa wakihesabu kila tone waliongeza cc ili waokoe mafuta.

Kwa hiyo swali la cc mimi naliona limekaa vibaya. La kuuliza ni hili: kwenye mwendo ninaokwenda mimi kila siku, injini inazunguka mara ngapi, na ikifika kilimani inavumilia au inashusha gia? Gari la petroli linalokaa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwenye mwendo wako na kupanda vilima vya kawaida bila kubadili gia limepangwa vizuri kwa safari ndefu, liwe la cc 1300 au 1800. Likizidi 3,000 lilifikiriwa kwa matumizi mengine. Ndiyo maana gari la gia sita au la CVT nzuri (otomatiki isiyo na hatua za gia) linaweza kumwaibisha mdogo wake mwenye gia nne.

Wapo wanaolitatua hili kwa fundi: wanabadilisha difu. Ukitoa ya uwiano wa 4.3 ukaweka ya 3.7, mizunguko inapungua kwa asilimia 14, kwa hiyo 3,500 inakuwa 3,000 na kidogo. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini gari linakuwa zito kuondoka, klachi inaumia kwenye foleni, na kwa baadhi ya magari spidi inayoonyeshwa inaacha kuwa ya kweli. Ukiwa na injini dhaifu na njia ya milima, utaishia kutembea na gia ya nne pale ulipotumia ya tano, na hujaokoa kitu. Kwa njia tambarare na injini yenye msuli hata ikizunguka polepole, naikubali. Kwa wengine wote, afadhali kutafuta gari lililotoka kiwandani na gia ndefu.

Injini ndogo yenye turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, iliahidi kumaliza ubishi wote: cc 1000 ukienda taratibu, nguvu za 1600 ukihitaji. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa nusu. Jaribio la zamani la Ulaya, lililotumika mpaka lilipoanza kubadilishwa mwaka 2017, lilikuwa na mwendo wa wastani wa kilomita kama 34 kwa saa, na 120 iliguswa kwa sekunde chache tu. Mtihani wa namna hiyo unaibembeleza turbo ndogo. Mwenye kukimbia 120 kwa saa nzima, gari limejaa watu na mizigo, turbo inasukuma muda wote, na kompyuta ya injini huweza kuongeza petroli zaidi ya inayoungua ili kupoza joto. Hapo namba za kwenye tangazo zinapotea. Dereva mpole atazipata. Dereva mwenye haraka bora akae na injini ya kawaida, ambayo pia haina turbo ya kuja kulipia baadaye.

Dizeli ndiyo inayonipa taabu kuamua. Kimaumbile iliumbwa kwa safari hizi. Haidhibiti nguvu kwa kubana hewa kama petroli, inapunguza mafuta yenyewe, kwa hiyo mzigo mdogo hauiumizi sana. Inakandamiza hewa mara 15 na zaidi, wakati petroli nyingi ziko kwenye 10 au 11. Inavuta hata ikizunguka polepole, hivyo inabeba gia ndefu bila kulalamika. Hata kichujio cha masizi, kinachowaliza watu wa safari fupi, kinahitaji joto kali la mwendo mrefu ili kijisafishe, na huyu wetu anao.

Ila kuna mambo mawili ambayo mashabiki wa dizeli huyapita haraka. La kwanza, lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia zaidi ya 10, kwa hiyo sehemu ya kilomita za ziada unazojivunia ni uzito wa mafuta, si akili ya injini. La pili ni pampu na nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Mifumo ya kisasa hufikia msukumo wa bar 1,600 na kupita, zaidi ya mara 700 ya upepo ulio ndani ya tairi. Kwa msukumo huo, maji kidogo au uchafu kwenye mafuta hauleti mchechemeo, unaleta bili. Anayetembea kilomita 30,000 kwa mwaka na kujaza mahali anapopaamini, dizeli itamlipa. Wa kilomita 10,000 nozeli seti moja itamnyang'anya akiba ya miaka.

Haibridi, gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, watu huitupa kwa sentensi moja: barabara kuu hakuna breki, betri haichaji, basi haina faida. Hoja si mbaya, ila inasahau kwamba safari ndefu ya kazini ina mkia. Kilomita 50 za mwendo mzuri, halafu 10 za kusukumana kuingia mjini, na jioni hivyo hivyo. Huko mwisho haibridi inazima injini wakati wenzake wanaunguza mafuta wakiwa wamesimama. Kama mkia wako ni mrefu, ihesabu. Kama unaishi kando ya barabara kuu na ofisi iko kando ya barabara hiyo hiyo, umenunua betri ya kupandisha uzito.

Kabla ya kubadilisha chochote, kuna hesabu moja inayopotosha wengi. Tuseme mtu anakwenda kilomita 60 na kurudi 60, siku 5, wiki 48: ni kilomita 28,800 kwa mwaka. Akitoka kilomita 8 kwa lita kwenda 10, anaokoa lita 720. Akitoka 18 kwenda 20, tofauti ni ile ile mbili, anaokoa lita 160 tu. Aliye kwenye gari bugiaji ana sababu ya kuhangaika na injini. Aliyefika 18 anahangaikia sifa.

Na huyo wa 18 akitaka zaidi, mguu wake una dawa kuliko fundi. Ukishuka kutoka 110 hadi 95, ukinzani wa upepo unapungua kwa robo. Kwa zile kilomita 60, utafika umechelewa dakika tano na sekunde chache. Mimi nilijaribu kwa matangi mawili, nikijaza mpaka pampu inapokata yenyewe na kuandika kilomita kwenye daftari. Tangi la pili lilinipeleka siku nzima ya ziada, gari lile lile, injini ile ile niliyokuwa nimeshaanza kuitafutia mteja.