Sonona haina kabila

Ukisema unatoka Iringa, haipiti dakika nyingi kabla mtu hajakutania kuhusu kujiua. Utani huo nimeusikia stendi, nimeusikia katika ofisi ya walimu nilipokuwa nafundisha Mbeya, na kwa miaka mingi nilicheka pamoja na wenzangu kwa kuwa mtani hanuniwi. Wapo wanaoupeleka mbali zaidi na kumtaja Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe wa Iringa, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kutekwa na Wajerumani, kana kwamba uamuzi wa mtu aliyewindwa na jeshi kwa karibu miaka 4 tangu ngome yake ya Kalenga ianguke unaweza kurithiwa na mkulima wa leo anayeumwa. Mimi sicheki tena. Naamini utani huu, pamoja na neno letu jepesi "mawazo", umetufanya tuione sonona, ugonjwa unaotibika, kama tabia ya watu fulani.

Baba yangu mdogo ni mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, wilayani Kilolo, Iringa. Anayeifahamu kazi hiyo anajua kwamba chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, na likiachwa bila kukatwa hukauka. Masika moja mama mdogo alipita kwenye mianzi akakuta mbeta, vyombo vya kukingia ulanzi, zimefurika, ulanzi umechacha, nzi wamejaa, na ncha hazijaguswa kwa siku kadhaa. Mwenyewe alikuwa ndani, amejilaza macho wazi. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba mwili ni mzito na haoni cha kumwamsha. Usingizi ulikuwa unamkatika saa nane usiku, chakula alikigusa na kukisogeza, na hali hiyo ilikuwa imedumu zaidi ya mwezi mmoja.

Hiyo ndiyo sonona. Madaktari huitambua pale huzuni, au kukosa hamu ya mambo ambayo mtu aliyapenda, vinapomkaa kwa muda usiopungua wiki 2, karibu kila siku, vikiandamana na dalili nyingine kama usingizi kuvurugika, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujilaumu na kuwaza kifo. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatufiki kwa daktari tukisema tuna huzuni. Tunasema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio. Katika kituo kimoja cha afya baba mdogo alipewa dawa za maumivu mara mbili, na mara ya pili akaambiwa: "Mzee, punguza mawazo." Mawazo ya namna ile hayapunguzwi kwa amri, na yeye alirudi nyumbani akiamini kwamba kosa ni lake.

Hatimaye tulimpeleka hospitali kubwa zaidi, akaandikiwa amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Dawa zilikuwa kwenye kibahasha kidogo chenye maandishi ya kalamu, na hakuna aliyetueleza zaidi ya yale maandishi. Siku ya tisa aliacha. Kinywa kilimkauka, choo kikawa kigumu, asubuhi aliamka mzito kama mtu aliyelewa, na huzuni ilikuwa palepale. Hakuwa mkaidi. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla mgonjwa hajaona nafuu, ilhali madhara yake madogo huanza mapema na mengi hupungua kadiri mwili unavyozoea. Mtu asiyeambiwa hayo ataacha tu, na mimi ningeacha pia. Alikuwa vilevile hajaambiwa kwamba pombe huizidisha sonona, na kwamba ikikutana na dawa ile humlegeza mtu kwa hatari. Kwa mgema, ambaye kuonja ni sehemu ya kazi, neno hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Daktari wa pili alikaa naye karibu nusu saa, akambadilishia dawa akampa fluoksetini, akamwambia mama mdogo azitunze yeye.

Vidonge si njia pekee. Mwaka 2006 nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mitaani mjini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Wao huuita ugonjwa huu kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na kwa kweli hatuko mbali nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Vikoba vyetu vina akina mama wanaosikilizwa na kuaminiwa. Sioni kwa nini wasifundishwe vivyo hivyo.

Wasiwasi uliopitiliza nao hutibiwa kwa njia zinazokaribiana na hizi. Skizofrenia, inayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, na baipola, inayompeleka mtu kati ya huzuni na msisimko mkali, ni habari nyingine: zinahitaji daktari wa akili na dawa za muda mrefu, na mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandwa na msisimko mkali. Maombi siyapingi, kwa kuwa nami nilimwombea. Nampinga anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani.

Lipo pia jambo la sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na matokeo yake familia huficha kile ambacho zingepaswa kukikimbiza hospitali. Kifungu hicho kiondolewe. Tusiogope pia kuuliza, kwa sababu kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mama mdogo alimuuliza mumewe jikoni, moto ukiwaka, na alipojibu ndiyo, usiku uleule aliniita.

Baba mdogo alipata nafuu katika mwezi wa tatu wa kutumia dawa, akaziacha katika mwezi wa nne kwa kuwa alijiona mzima, akaanguka tena. Sasa anajua kwamba dawa huendelea kwa miezi 6 hadi mwaka mzima baada ya dalili kwisha, na kwamba huachwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Tarehe ya kurudi kliniki mama mdogo ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, pale panapotundikwa kisu cha kugemea.