Bosi Wangu Anaimba Sauti ya Nne

Wiki chache kabla ya tamasha la majira ya kuchipua la kwaya ya wafanyakazi wa kampuni yetu hapa Leipzig, mwalimu wa kwaya alikatisha wimbo katikati, akatazama safu ya nyuma na kusema kwamba sauti ya nne, yaani besi, inashuka, na kwamba anayeishusha ni mtu mmoja. Kisha akamtazama mtu huyo. Alikuwa mkuu wa kitengo cha uzalishaji, ambaye saini yake ndiyo huamua kama mimi nitakuja Tabora mwezi Desemba au nitabaki huku kuitazama theluji. Mkuu huyo akasema samahani, akachomoa penseli aliyokuwa ameichomeka sikioni kama fundi seremala, akaweka alama kwenye karatasi yake ya nota. Mwalimu, binti ambaye yeye mwenyewe bado yuko chuo cha muziki, akagonga gotini kile chuma chake kidogo chenye meno mawili, akakisogeza sikioni, akatupa sauti upya, tukaanza tena. Katika kantini nzima, aliyepigwa na butwaa nilikuwa mimi peke yangu.

Nilifurahi, na kabla sijafika nyumbani furaha ile ikawa imegeuka hasira, wala si hasira dhidi ya Wajerumani. Nimewahi kuimba kwaya ya ofisi huko nyumbani, katika taasisi ambayo sitaitaja, na ninyi mnaoishi huko hamhitaji kuelezwa kwamba kwaya ya ofisi huundwa lini na kwa ajili ya nani. Huundwa mwishoni mwa Machi, ikishajulikana kwamba mgeni rasmi wa Mei Mosi ni fulani, na hufa tarehe 2 Mei. Katikati hapo mtachangishwa hela ya vitenge, mtabishana kuhusu mshono, na mwalimu atapewa karatasi yenye mambo ya kuimbwa: jina la mgeni, cheo chake, mafanikio yaliyopatikana chini ya uongozi wake, na, nafasi ikibaki, ombi la nyongeza ya mshahara lililofungwa katika unyenyekevu mwingi kiasi kwamba anayeombwa anaweza kulipigia makofi bila kujua kwamba ameombwa.

Mwaka mmoja tulitunga wimbo ambao hadi leo nauona ni mzuri. Jina la mgeni rasmi lilikuwa na silabi tano, nalo lilikaa kwenye kiitikio bila kubanwa. Usiku wa kuamkia sherehe tukaarifiwa kwamba mgeni amepata udhuru na atawakilishwa, na jina la mwakilishi wake lilikuwa na silabi mbili tu. Tulilivuta usiku kucha. Sauti ya kwanza ilipewa kazi ya kuikalia irabu ya mwisho mpaka kiitikio kitimie, na dada zetu wale waliikalia hadi wakaishiwa pumzi. Kesho yake tulisimama juani katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi tangu maandamano yalipoingia, na mwakilishi alipofika, na wasemaji walipomaliza kutambuana na kutuhakikishia kwamba itifaki imezingatiwa, mshereheshaji alitupungia mkono tufupishe kwa sababu ratiba imebana. Tuliimba ubeti mmoja na kiitikio. Jina lilisikika, wimbo haukusikika. Bosi wetu alifurahi kupita kiasi, akatununulia soda.

Sasa tazameni tamasha la huku, ambalo huangukia wiki zile zile ambazo kwaya za ofisi huko nyumbani zinashona sare. Watu wa huku hutoka katika miezi ambayo saa kumi jioni tayari ni giza, kwa hiyo mti ukitoa jani la kwanza wao hutafuta mahali pa kuliimbia, na nusu ya nyimbo tulizoimba zilihusu msitu, ndege na mwezi wa Mei. Tulikodi kanisa moja karibu na kiwanda, saa kumi na moja jioni, siku ya Jumamosi. Ilipotimia saa kumi na moja, mwenyekiti wa kwaya, ambaye kazini ni karani wa mishahara, alisema habari za jioni, akaomba simu zizimwe, akakaa. Hakuna risala iliyosomwa, hakuna meza iliyotandikwa kitambaa, hakuna kiti kilichowekwa taulo jeupe. Mkurugenzi mkuu wa kampuni alikuja amechelewa kidogo, akakuta viti vya mbele vimejaa, akaenda kuketi nyuma ya nguzo ambako bila shaka hakutuona hata mmoja. Mwishoni alitia noti yake kwenye kikapu cha mlangoni pamoja na watu wengine, akaondoka, wala hakutajwa.

Karatasi ya ratiba iliorodhesha waimbaji kwa mpangilio wa alfabeti, bila vyeo. Yule mkuu wa kitengo aliangukia kati ya fundi wa umeme na mwanagenzi ambaye hajafikisha miaka ishirini. Nimeihifadhi karatasi ile, na kila nikiitazama najaribu kuwaza ni ofisi gani ya Tabora ambako mchapaji wake asingeitwa kujieleza.

Najua mnachokisema sasa hivi. Mnasema huyu ndugu Ulaya imemlevya, amekula mkate mweusi akasahau ugali, na kila akifungua mdomo ni Wajerumani hivi na Wajerumani vile. Basi sikilizeni na upande wa pili. Wajerumani hawa hawatushindi kuimba, hata kidogo. Wimbo ambao kwaya yoyote ya mtaa huko Ng'ambo au Cheyo ingeushika kwa sikio jioni moja, wao huuchana vipande vipande kwa wiki nyingi, na siku ya tamasha bado wanausoma kwenye mafaili meusi waliyoyashika vifuani, macho chini, kana kwamba maneno yatatoroka wakiyaachia. Miili yao haisogei. Niliambiwa kwa upole sana kwamba ninayumba mno, na kwamba watazamaji wa safu ya kwanza wanaweza kuchanganyikiwa. Watazamaji wenyewe huketi wakiwa wamekunja mikono hadi wimbo uishe, ndipo wapige makofi, yote kwa kiasi kimoja. Hakuna kigelegele, hakuna mama wa kuinuka na kwenda kumtunza mwimbaji kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Jioni ile niliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuimba maishani, na mtu mmoja tu ndiye aliyenitikisia kichwa.

Mwalimu aliniomba pia nilete wimbo wa nyumbani, na nilijua kutokana na macho yake kwamba anasubiri ngoma. Nikamletea tuni ambayo mama yangu huimba katika Kanisa la Moravian pale Tabora. Alipoicheza kwenye piano akaitambua, maana tuni nyingi za kitabu chetu zilitoka Herrnhut, mji wa Wamoravian hapa hapa katika jimbo la Saksonia, zikaletwa Unyamwezi na wamisionari. Tofauti ni kwamba sisi tunaijua kwa moyo. Haya, je, hapo nimejidharau au nimewadharau wao?

Ninachokisema ni kimoja, nami sitakiacha: sisi wenye sauti tunamwimbia mgeni, na wao wasio na sauti wanaimba na bosi. Na msinijibu kwamba ndiyo asili ya Mzungu. Katika sauti ya pili yuko mama mmoja mstaafu ambaye hupanda nami tramu moja baada ya mazoezi. Yeye aliimba katika kwaya ya kiwanda cha umma wakati wa Ujerumani Mashariki, na kila tarehe 1 Mei walipita mbele ya jukwaa la viongozi wa chama, wakiimba yale waliyopangiwa kuimba. Nilipomsimulia kisa cha silabi mbili alicheka hadi akatoa leso, akaniuliza kama nasi baada ya hapo tulipewa soseji. Nikamwambia ni soda. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, kiwanda chake kiliuzwa na kwaya ikafa, hadithi ambayo mtu wa Tabora hahitaji kutafsiriwa. Kabla ya hapo pia mambo hayakuwa mepesi, kwa kuwa kwaya za wafanyakazi wa nchi hii zilikuwa na umoja wao tangu mwaka 1908, na Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933 waliufunga, maana wafanyakazi wanaoimba kwa hiari yao wenyewe hawakuwa watu wa kuaminika. Kwa hiyo meza kuu watu hawa wanaijua vizuri sana. Walikaa mbele yake, wakaichoka.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha, na huyo anayelitoa namheshimu. Atasema: ndugu yangu, usipomwita mgeni rasmi, kinanda atanunua nani? Spika atanunua nani? Unamjua mtu mwingine anayekuja na bahasha? Ni kweli. Kwaya yangu ya huku inapewa kantini bure, kampuni inamlipa mwalimu sehemu ya posho yake, na kila mwimbaji anatoa ada ya mwezi ambayo haimuumizi. Mtu anayepokea mshahara wa Tabora akishalipa ada za shule na kutuma hela ya mbolea kijijini hana kinachobaki cha kununulia kinanda. Nalikubali hilo lote. Lakini kwaya zetu za makanisani mbona zinanunua? Zinalima shamba la karanga la kwaya, zinauza vitafunwa, wanakwaya wanachangishana mwaka mzima, na kinanda kinapatikana. Na kama bosi ana bahasha, ni nani aliyemkataza kuitoa kisha akakaa chini? Bahasha haihitaji silabi tano kwenye kiitikio. Au, kama anaweza, aje mazoezini saa kumi na nusu, avue koti, aambiwe kwamba anashuka.

Hapo ndipo atainuka mwingine na kusema kwamba huko ni kukosa adabu, kwamba sisi tuna desturi ya kuwaheshimu wakubwa. Mimi huyu, nikipiga simu nyumbani, shikamoo yangu hutangulia hata kabla sijajua nani kapokea. Sipingi heshima. Ila yule bosi wa huku hakuvunjiwa heshima alipoambiwa kwamba anashuka, kwa sababu kweli alikuwa anashuka, na kesho yake asubuhi alikuwa bosi vilevile na likizo yangu hakuisaini hadi alipojiridhisha. Heshima inayoharibika kwa sababu ya nota moja ya sauti ya nne ilikuwa imeharibika zamani.

Wala tusidanganyane kwamba uimbaji wa kazini kwetu ulianza na meza kuu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani walitembea wakiimba, na wazee wetu walilima kwa nyimbo, safu kwa safu, anayeongoza wimbo akiwa ameshika jembe sawa na wenzake. Hata zama za mashirika ya umma, NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1964, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na bendi hizo ziliimba mapenzi, usaliti, safari na mawifi, mambo ambayo wafanyakazi wenyewe walikuwa wakiyazungumza. Mwajiri alilipa, watu wakacheza. Leo taasisi zetu zina timu za SHIMIWI na SHIMUTA, yale mashindano ya michezo ya watumishi wa wizara na mashirika, na huko mkurugenzi huvaa bukta, akavuta kamba pamoja na dereva wake, akaanguka naye kwenye vumbi, wala cheo chake hakijawahi kupotelea vumbini. Kwa nini kamba iwezekane na wimbo usiwezekane? Mji ambamo TANU ilipitisha Uamuzi wa Busara mwaka 1958, ule wa kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, wakati watu wengi walikuwa na hakika kwamba TANU itapasuka vipande viwili, hauwezi kushindwa kuamua kwamba kwaya ya ofisi iimbe Juni, ambapo hakuna mgeni yeyote anayekuja.

Hoja hii niliiandika kwa urefu na kuituma kwa wenzangu wa kwaya ile ya zamani, kwa maana baadhi yao bado wako kazini. Nilipendekeza jioni moja tu ya nyimbo, mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika na vumbi likiwa bado halijawa kali, bila sare, bila risala, mkuu wa taasisi akiombwa ajiunge na sauti yoyote anayoiweza. Katibu alinijibu siku iyo hiyo, na alijibu kwa moyo mweupe kabisa. Alisema wamelipokea wazo langu kwa mikono miwili, kikao kimelipitisha, vitenge wameshachagua, na sasa wanaomba nipendekeze mgeni rasmi wa kulizindua. Hela ya kitenge changu nimeshaituma. Jina la mgeni sijalituma, na wameanza kunipigia.