Tusingoje darubini kubwa

Nimesoma makala inayosema watoto wetu watapenda elimu ya nyota siku Kenya itakapojenga kituo kikubwa cha kutazamia anga. Kituo tunakihitaji, sikatai, lakini mimi niko hapa Kisumu na naomba tusingoje.

Jumapili ya Novemba 3, 2013, jua lilipopatwa jioni, mtaani kwetu wazazi wengi waliwafungia watoto ndani kwa hofu. Mimi nilitoka na wangu. Hatukulitazama jua lenyewe. Tuliangalia ukuta wa nyumba, pale mwanga unapopenya majani ya mwembe. Kila tundu la mwanga lilichora hilali ndogo, sura ya jua lililofunikwa nusunusu, hilali chungu nzima zikitikisika kwa upepo. Binti yangu alizigusa mojamoja kwa kidole. Hadi leo haachi kuniuliza mambo ya anga.

Tena tuko karibu kabisa na ikweta, bahati ambayo Ulaya hawana. Usiku wa Mei stima ikipotea, unaona makundi ya nyota mawili kwa pamoja: Msalaba wa Kusini upande wa kusini na Dubu Mkubwa upande wa kaskazini. Darubini ya mkononi tu, ile ya kutazamia ndege, ukiishika bila kutetemeka inakuonyesha miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Wazee waliopanga kilimo kwa kuangalia kundi la nyota la Kilimia hawakuwa hata na hiyo.

Agosti 2, 2027 jua litapatwa tena, kwetu kwa sehemu tu. Walimu, anzeni sasa: kadibodi yenye tundu la sindano, karatasi nyeupe, na mtoto aligeuzie jua mgongo, atazame sura yake kwenye karatasi.